Jiwe la Babu Magesa

Enzi zetu, nyie wenzangu mliokula ugali wa njano wa yanga na kufulia majani ya mpapai mtanishuhudia, saruji ilikuwa adimu kuliko sukari. Kwetu Butiama tulivaa katambuga za matairi, tukacheza kombolela mpaka giza, na siku wakiletwa samaki furu wabichi kutoka Musoma, nyumba nzima ilinukia raha. Kijana wa leo ukimtajia furu atakuuliza ni programu gani ya simu.

Babu Magesa, baba yake baba yangu, alikuwa mtafuta dhahabu. Alizunguka vilimani na nyundo na karai, akiponda mawe na kuyaosha mtoni. Wazee wote walijua kwamba yeye ndiye aliyeiona dhahabu ya kilima chetu, kabla mzungu yeyote hajaleta mashine. Basi kijiji kikaamua kumwekea jiwe la kumbukumbu palepale kilimani. Saruji ikapatikana kwa kuhangaika, na fundi akaletwa kutoka Iringo, mjini Musoma.

Fundi yule alikuwa hodari, ila kazi aliyoizoea ni makaburi. Siku ya kulizindua, kitenge kilipovutwa, tulipigwa na butwaa. Jiwe la kaburi kabisa! Juu limeandikwa, "Hapa ndipo Magesa alipoiona dhahabu." Chini yake, "Amefariki," halafu nafasi ya kujaza.

Shangazi Nyangeta akaangua kilio. Wanawake wakampokea, na watu waliokuwa wanapita zao wakaja mbio wakidhani kuna msiba. Marehemu mwenyewe kasimama pale na koti la kuazima.

"Fundi, kumbe unaningojaga nife?"

"Nisamehe mzee wangu, mkono umezoea."

"Litoeni hapa, wanangu! Mtu anayepumua haandikwagi kwenye saruji."

Likang'olewa siku ileile, likalazwa nyuma ya zizi. Sisi watoto hatukuthubutu hata kulikalia.

Babu alipofariki kweli, saruji bado ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Baba akafuta machozi, akasema, "Si lipo lile?" Tukalisimamisha kichwani pa kaburi, nyuma ya nyumba, tukaona sasa limepata kazi yake. Ule mstari wa juu hakuna aliyeuwazia.

Zikaja siku za ruksa, biashara ikaachiwa huru. Maduka yakajaa, sabuni ikanukia tena, na wageni wakapanda kilimani na mitambo. Wakasimamisha bango lao kubwa, jina la Babu halimo. Nasi tukahama mmoja mmoja. Mimi niliishia Bunda.

Juzi nimerudi kupalilia kaburi. Nilichokikuta sijakiamini mpaka leo. Shimo limeshanifika kifuani, limeanzia chini ya jiwe linaelekea kwa Babu, na ndani yake vijana wawili wanatokwa jasho, kipima dhahabu kimelala juu ya udongo.

"Mnafanya nini?"

"Shikamoo, mzee," mmoja akaniamkia kwa adabu zote. "Si imeandikwa hapa?"

Nikausoma ule mstari. Enzi zetu jina moja kwenye saruji lilikiliza kijiji kizima. Hawa wamelisoma, wakaenda kuchukua sururu. Na hasira nilizitafuta nisizipate, maana katika kilima kizima, ni wao tu bado wanaoamini kwamba Magesa aliiona dhahabu.

Nikavua koti, nikaomba koleo, nikaanza kumzika Babu upya.