Figa la Tatu

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu: siku mwanamke msomi alipopiga magoti jikoni kwangu akalilamba figa.

Nyie mnawaona dinosaria kwenye simu wakitembea na kunguruma, mnadhani walizaliwa humo humo. Hapana. Kuna watu waliinama juani kwa ajili yao. Mimi niliishia darasa la nne, lakini dinosaria mmoja nimepikia ugali mgongoni mwake mwaka mzima, kwa hiyo nisikilize.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, kule bondeni njia ya kwenda ziwa Rukwa, kabla sijahamia hapa Kawajense. Kwa kina mume wangu, mkamwana akipewa jiko lake anakwenda mwenyewe mtoni kuokota mafiga matatu. Mto ulikuwa mbali, na mimi mvivu, tusifichane. Mawili nilibeba kutoka mtoni. La tatu niliokota karibu, kwenye korongo nyuma ya makaburi ya wakwe zangu. Jiwe jekundu, la duara, limebonyea juu kama lililokuwa linangoja chungu tangu zamani. Na kitu cha makaburini hakiingii jikoni. Hilo hata kuku wa pale walilijua.

Mama mkwe akauliza, "Yote ya mtoni?"

"Yote, mama."

Tangu siku ile hakugusa chakula changu. Nikimkaribisha, "Nimeshiba, mkamwana." Nikasema moyoni, huyu bibi ananichukia tu.

Mwaka wa mvua za El Nino, kabla hazijaanza, wageni wakaja kupiga mahema. Mkubwa wao alikuwa mama kutoka Dar, amevaa suruali na kofia pana kama ungo. Watoto wakamwita Mama Mawe. Walitembea makorongoni wameinamisha vichwa kama watu waliopoteza sindano. Wakiona kipande cha jiwe wanachokitaka, wanakipangusa kwa brashi ndogo, taratibu, kama unavyomfuta mtoto tongo. Kikiwa kikubwa wanakifunga kwa vitambaa na plasta, ile ile ya hospitali ya mguu uliovunjika.

Siku hiyo ninayokusimulia Mama Mawe alikuja kuomba maji ya kunywa. Kikombe kikamgandia mkononi, macho jikoni. Akaniomba nitoe chungu, nilimwagie maji lile figa jekundu lipoe. Akainama, akalamba. Ulimi ukanata.

"Mama, umerogwa?"

Akacheka, midomo imejaa masizi. "Jiwe la kawaida halishiki ulimi, dada. Mfupa una vitundu. Hiki ni kipande cha uti wa mgongo."

Akanieleza kwamba mnyama mmoja, hao hao dinosaria wenu, alikufa, tope likamfunika, maji yakapita ndani ya mifupa yakiacha chembe za mawe, kidogo kidogo, mpaka mfupa ukawa jiwe.

"Kabla ya babu wa babu?" nikauliza.

"Kabla hajaitwa mtu yeyote babu."

Ee mwanangu, nilikaa pale moshi ukinipita usoni, nikamwona mnyama yule. Anatembea polepole kwenye maji ya kina kifupi, shingo ndefu, hana haraka, hana jina, kwa sababu wa kumpa jina hajazaliwa. Jua ni lile lile. Na juu ya mgongo wake, chungu changu kinatokota.

Sauti ya Mama Mawe ikanirudisha. "Uliokota wapi? Mifupa mingine itakuwa hapo hapo. Bila mahali pake, mfupa huu ni yatima."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Nikamtazama. Ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia.

"Mtoni," nikasema.

Siku nne wakachimba mtoni. Niliwapelekea maji nikaona mikono yao imetoka malengelenge. Mawingu yalikuwa yanavimba juu ya milima, na Mama Mawe alishatuambia mvua ikianza wanaondoka, maana barabara itakatika. Kila nikifungua mdomo, naona uso wa mama mkwe. Nafunga.

Asubuhi ya tano mvua ikamwagika, wageni wakaanza kukunja mahema. Hapo ndipo nilipomfuata mama mkwe, nalia kama mtoto.

"Mama, figa lile si la mtoni."

"Najua. Mto wetu una jiwe jekundu tangu lini? Mwaka mzima sijala kwako, ulidhani nina vidonda vya tumbo? Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Nisamehe, mama."

"Uongo ulioniambia mimi niliumeza. Huu wa sasa umewachimbisha watu wa watu shimo la bure. Mficha uchi hazai. Twende!"

Akanivuta mkono kwenye mvua hadi kwa Mama Mawe, na hakunisemea. "Mdomo uliopinda ndio unyooke," akasema. Nikasema.

Tulikimbia. Korongo lilikuwa linakwenda jekundu kama damu ya ng'ombe, ukingo wote umeporomoka. Mama Mawe akaingia maji ya magoti, akapapasa, akapapasa. Alitoka na kipande kimoja tu, urefu wa kidole. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alihesabu hatua kutoka makaburini, akaandika rangi ya udongo kwenye daftari lililolowa, kisha akasema, "Angalau sasa figa lako lina kwao."

Wakalifunga plasta, wakaondoka nalo.

Nikabaki na mawili, na mafiga mawili hayainjiki chungu. Jioni nikamwona mama mkwe anakuja na jiwe kichwani, juu ya kata. Alikuwa ameling'oa jikoni kwake. Lilikuwa bado na joto. Akalipanga, akakaa.

"Songa ugali."

Akala, akasema mboga haina chumvi, akaongeza tonge.

Mwanangu, ukiokota kitu, iwe jiwe, neno au bahati, shika na mahali ulipokiokota. Na ukikosea, sema kungali na jua. Ukweli unaosubiri mvua hukuta korongo limekwenda. Mimi nimempoteza mnyama mzima kwa kuona aibu ya uso mmoja, na uso wenyewe ulikuwa unajua.

Mungu akupe macho ya kuona kilicho chini ya masizi, na mdomo mwepesi wa kusema ulikokitoa. Na siku figa lako likipungua, asikose mtu wa kukubebea la kwake, lina joto.