Nilivyocheza "options" za kahawa Ihanda miaka ya tisini: nilipatia bei na bado nikapigwa

Wakuu, heshima kwenu. Shikamoo kwa wanaostahili, wengine tutajuana huko huko kwenye comment.

Haya yalinikuta mimi mwenyewe. Sina sababu ya kuwadanganya, maana hakuna sehemu hata moja ninapotoka shujaa.

Nimesoma vijana humu wakibishana kuhusu options za kampuni za chip, yaani kulipia haki ya kununua hisa kwa bei fulani kabla ya tarehe fulani. Hoja yao: laptop zenye chip hizo zinazidi kushika soko, kwa hiyo hisa lazima ipande.

Lazima? Haya, kaeni.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa Ihanda, Karagwe. Kijana, nauza mitumba kwa baiskeli, nimechumbia binti anaitwa Jeni. Wanunuzi binafsi wa kahawa ndo wanamiminika sokoni Omurushaka, bei inapanda kila wiki.

Nikajiona mjanja. Nikamfuata Mama Koku, mjane mwenye kahawa nzuri katikati ya migomba. Nikamwambia: nakupa kishika uchumba leo, unanipa ruhusa ya kununua kahawa yako kwa bei tuliyokubaliana, hata sokoni ikipanda mara mbili.

"Na ikishuka?" akauliza.

"Basi sinunui, Mama. Na hela uliyopokea inabaki yako."

"Mpaka lini?"

"Mwisho wa Agosti."

Akataka tuandikishane, katekista awe shahidi. Nilicheka moyoni. Mtu anahangaika na karatasi wakati mimi nanunua utajiri!

Nikafanya hivyo kwa kaya sita. Hela nilitoa wapi? Baiskeli niliuza. Akiba ya mahari nayo ikaingia humo humo. Mpumbavu mwenye vyeti.

Juni bei ikasimama. Julai ikashuka.

Agosti nikawa natembea kwa miguu hadi Omurushaka kuulizia bei, kama mtu anayeuguza mgonjwa. Ikabaki chini ya ile tuliyokubaliana. Mwezi ukaisha.

Nikaenda kwa Mama Koku na uso wa msibani, kuomba anirudishie japo nusu.

Alinipa ndizi na maharage kwanza. Nilipomaliza kula akaniuliza, "Mwanangu, ile hela ulinunulia nini?"

"Ruhusa ya kununua kahawa."

"Kuna siku ulikuja nikakunyima?"

Nikaomba maji ya kunywa.

Sasa kilichonimaliza: Oktoba bei ikafumuka. Ikapita hata ile niliyoitabiri! Mama Koku alikuwa bado na magunia ndani. Akauza, akaezeka nyumba bati.

Kwa baba yake Jeni nilijieleza yote. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mahari nitasubiri. Ila hela za nyumba yenu atashika binti yangu."

Nikabeba magunia ghalani mwaka na nusu ndo nikaoa. Jeni anashika hela mpaka leo. Hata bando hili kaninunulia yeye.

Nilichojifunza: soko kukua ni kitu kimoja, bei kupanda kabla tarehe yako haijaisha ni kitu kingine kabisa. Mimi nilipatia bei, nikakosea mwezi, na hakuna aliyenilipa kwa kupatia. Weka hela ambayo ikipotea hutalazimika kumwelezea mkwe.

Wataalamu wa chip, karibuni mnirekebishe. Matusi pia napokea, ila yapangeni kwa aya.