Kiti cha Solange Uwanjani Kamina

Niliondoka Lubumbashi nikiwa na hasira, na sababu ilikuwa goti la mtoto wa mdogo wangu. Solange ana miaka kumi na minane. Msimu huu ndio aliingia katika timu ya wasichana ya mpira wa kikapu kule Kamina, na haikuchukua muda mji ukamjua. Watu wasiojua hata sheria za mchezo walikuwa wanakwenda uwanjani kumtazama yeye tu. Kisha siku moja aliruka kuchukua mpira chini ya ubao, akatua vibaya, goti likapinda. Mdogo wangu Mado alinipigia simu analia. Nikamwambia afunge mizigo ya mtoto, nakuja kumchukua.

Niseme ukweli wote. Lubumbashi kuna daktari wa mifupa, sawa, lakini mpango wangu haukuwa daktari peke yake. Nilitaka Solange abaki kwangu moja kwa moja, ajifunze kushona, mpira asiuone tena. Mimi mwenyewe nilicheza mchezo huo nikiwa na umri wake, nikaumia goti hilo hilo la kushoto. Juma la kwanza wenzangu wawili walikuja kunisalimia na machungwa. Juma la pili hakuja mtu. Baadaye nikasikia jezi yangu ameshavaa mwingine, na mpaka leo hakuna aliyeniambia asante wala pole. Kwa hiyo nilijua timu inavyomfanyia mtu akishaharibika, na sikutaka mtoto wetu akae mlangoni kungoja wageni wasiokuja.

Siku ya Jumatatu, stesheni ya Lubumbashi, nilipanda treni na mkate, mayai ya kuchemsha na karanga za kutosha kijiji. Anayejua njia ile anajua kwamba hapandi treni mwenye haraka, na mimi nilikuwa na haraka, kwa hiyo niliteseka mara mbili. Likasi tulisimama. Tenke tulisimama zaidi, mpaka abiria wakashuka kupika chai kando ya reli. Mama mmoja jirani yangu aliniuliza kama naenda kwenye msiba, kwa jinsi nilivyonuna. Nilimjibu kwamba naenda kuokoa mtu. Akasema basi ni vizuri, na akanisogezea chai.

Bukama tulifika jua likiwa juu. Wanawake walikuja madirishani na samaki wakavu kutoka upande wa Kinkondja, wamepangwa kwenye mabeseni, harufu ikajaa behewa zima. Nilinunua wa kumpelekea Mado, nikauvuka mto Lualaba nikiwa nimewashika mapajani. Huo ndio wakati pekee wa safari ile ambao nilisahau kukasirika.

Kamina niliingia Jumatano alasiri. Ni mji wa reli, barabara zake pana, udongo mwekundu, baiskeli zimebeba makaa mpaka mwendeshaji haonekani. Nilichukua pikipiki, nikamwelekeza kijana nyumba ya Mado. Akageuka kunitazama. Aliuliza kama ni kwa mama yake Solange, na goti linaendeleaje, na kama ataweza kucheza Jumapili. Nilimwambia aangalie barabara. Jumapili, alinieleza hata hivyo, ilikuwa fainali ya jimbo, dhidi ya timu ya Kabongo.

Nyumbani kwa Mado nilipokelewa kwa heshima zote, maji ya kuoga, bukari, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, na "karibu yaya" nyingi, maana mimi ndiye dada mkubwa. Mizigo ya mtoto haikuwa imefungwa. Mtoto mwenyewe hakuwepo.

"Solange iko wapi?" nikauliza.

"Iko kwenye mazoezi, yaya," Mado akasema, na akainamisha macho kwenye sahani.

Mazoezi! Na goti gani? Niliacha bukari pale pale. Bahati yule kijana wa pikipiki alikuwa bado barabarani, anazungumza na majirani habari za goti.

Uwanja wao uko nyuma ya parokia, saruji iliyopasuka hapa na pale, na upande mmoja bustani ya mboga ya mapadri. Nilipofika niliona wasichana wanakimbia, na pembeni, ndani kidogo ya mistari, kiti cha plastiki cha buluu. Solange alikuwa ameketi hapo, mguu umefungwa bandeji na kunyooshwa juu ya kreti ya bia, magongo yake ya kutembelea yamelazwa chini. Mpira ulikuja kwake kwa nguvu. Akaudaka, akaita "Godelive!" na kuurudisha kwa msichana mmoja mfupi ambaye nadhani hata yeye hakujua kwamba yuko peke yake, bila wa kumkaba. Niliingia uwanjani na viatu vyangu vya safari, nimeshaandaa maneno.

Aliyenisimamisha ni kocha wao. Anaitwa Mama Bolumbu, mke wa sajini, mzaliwa wa mbali kule Mbandaka, aliyeletwa Kamina na kazi ya mume wake. Asubuhi anauza maharage kwenye kambi ya jeshi, jioni anafundisha mpira. Hakupandisha sauti. Alinishika mkono kama tunajuana, akanivuta kando.

"Ngoja kwanza, mama. Haba batoto mikono yabo ilizoea kumupa Solange. Siku ya kwanza yeye hayuko, mupira ilienda pale pale kwenye anasimamaka. Hakuna muntu. Ikaingia kwenye mboga ya bapadri. Mara ya pili, mboga. Mara ya tatu, padri akatoka." Akacheka kidogo. "Njo nikasema, basi, tumuweke pale. Adake, arudishe, aite jina ya mwenye iko peke yake. Bajifunze kuonana."

Nikamwuliza kama mtoto akigongwa kwenye kile kiti itakuwaje. Akanionyesha: hakuna anayeruhusiwa kumsogelea, na kila siku kiti kinarudishwa nyuma hatua moja. Jumatatu kilikuwa karibu na ubao. Leo kiko hapa. Kesho kwenye mstari, Ijumaa nje ya mstari, Jumamosi kwenye benchi.

Nilibaki natazama. Ningependa kusema nilibaki kwa sababu ya kumlinda mtoto, lakini sivyo. Nilibaki kwa sababu ilikuwa kazi nzuri, na mtu aliyewahi kucheza hawezi kupita kazi nzuri. Nahodha wao, Ngoie, binti wa wakulima mwenye mabega ya kupiga jembe, alikuwa anapokea jina moja baada ya jingine na kuyatii. Ndani ya saa moja niliona wasichana wanne wanagundua kwamba wa tano yupo. Godelive alirusha kikapuni mara nyingi na kukosa mara nyingi, na kila akikosa Solange aliita jina lake tena kwa sauti ile ile.

Alhamisi na Ijumaa nilikwenda nao mazoezini. Asubuhi, kabla ya shule, wawili wawili walikuwa wanapita kwa Mado kumchotea maji na kumtwangia sombe, maana kazi hizo zilikuwa za Solange. Nilijitahidi kutafuta kosa. Niliona tu kwamba wanatwanga vibaya, nikawaambia.

Jumamosi treni ya kurudi Lubumbashi ilipita. Nilimwambia Mado kwamba mgongo wangu haujapoa na safari. Mado alisema "ndiyo yaya" kwa namna ya kunidharau kabisa, na mimi nikajifanya sikusikia.

Siku hiyo hiyo adhuhuri, nilipokuwa nabadilisha bandeji ya Solange uani, mtoto alisema kitu alichokuwa amekibeba juma zima.

"Mama mukubwa, mimi, minyi njo nilibafundisha kucheza bila minyi. Kila siku kiti inarudi nyuma, na minyi mwenyewe nasaidia kuirudisha. Bakishinda kesho, bataniita tena juu ya nini?"

Nilikuwa na jibu tayari, jibu la miaka mingi: hawatakuita. Lilinifika mdomoni. Nilimwangalia uso, nikafunga bandeji polepole, nikamwambia anyooshe mguu. Niliona haya, kwa sababu nilitambua kwamba jibu lile lingenifurahisha mimi.

Jumapili baada ya misa watu walijaa uwanjani kuliko kanisani. Walikuja wa mjini, walikuja familia za wanajeshi kutoka kambini na vyombo vyao vya kupiga kelele. Mimi niliwekwa kwenye benchi kando ya Solange ili nimshike asisimame. Kazi hiyo ilinishinda mapema.

Katika robo ya kwanza Ngoie alipata mpira, akabanwa na wasichana wawili warefu wa Kabongo, akainua mikono kuurusha kule pembeni, alikozoea kusimama Solange. Nilijua anaurusha wapi. Uwanja mzima ulijua. Ngoie akauzuia mkononi. Akageuza kichwa, akampa Godelive, na Godelive akafunga. Solange alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kucha zake zimeingia mkononi mwangu. Tangu hapo mpira haukwenda pembeni hata mara moja bila mtu kuwepo. Walishinda, na si kwa bahati ya dakika za mwisho. Kuanzia robo ya tatu Kabongo walikuwa wanafukuza tu, ingawa hawakukata tamaa mpaka mwisho. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nilipomgeukia Solange, alikuwa anapiga makofi, machozi yanamtoka, na sikuweza kujua ni machozi ya aina gani.

Watu walipotawanyika, wasichana walikaa chini kwa duara. Timu ile ina desturi yake: baada ya mechi, washinde au washindwe, kila mmoja anataja kosa lake la siku, na kocha pia. Hakuna wa kumtajia mwenzake. Ngoie alisema alisahau kurudi nyuma mara mbili. Godelive alisema alifumba macho akirusha, wakacheka sana. Duara lilizunguka mpaka kwa Solange. Nilidhani watamruka, maana hakucheza. Hawakumruka. Walimgeukia kama mtu mwingine yeyote mwenye zamu.

Akasema, anatazama magongo yake: "Kosa yangu, nilitaka mupoteze mechi. Si yote. Kidogo tu. Nilikuwa naita na roho inakatala."

Mimi nilitaka ardhi inimeze kwa niaba yake. Ngoie ndiye aliyejibu, bila hasira, anafungua kamba za viatu vyake.

"Tulijua. Hata minyi ningetaka. Lakini uliita, Solange. Kila siku uliita."

Akasogea, akamwachia nafasi ya kunyoosha mguu vizuri. Ikawa ndiyo basi. Kisha Mama Bolumbu akanitazama mimi, eti nilikaa kwenye benchi lao, kwa hiyo nina zamu. Nilikohoa. Ningeweza kutania, ulimi wangu haukosi utani. Lakini baada ya yale aliyosema mtoto, ningeona aibu.

"Nilikuja kuwaibia mchezaji wenu," nikasema. "Si kumtibu tu. Kumchukua moja kwa moja. Nilidhani hamtamtaka tena."

Hakuna aliyecheka. Mama Bolumbu aliuliza kama bado ni nia yangu. Nilisema nitampeleka kwa daktari, na akipona nitampandisha treni mimi mwenyewe kumrudisha. Mado, aliyekuwa nyuma yangu, akasema "eyo vidye", kama tunavyoitikia wakubwa kwa Kiluba, na safari hii hakuwa ananidharau.

Jumanne treni nyingine ilipita, tukapanda, yeye amelaza mguu kwenye kiti cha mbele. Karibu na Bukama nilimsimulia habari za goti langu, ambazo hata watoto wangu hawazijui. Aliuliza kama niliwahi kuwaambia wenzangu kwamba nawangoja. Swali hilo lilinikaa mpaka Tenke. Kwa kweli sikuwaambia. Nilikaa ndani na kiburi changu, na wao labda walikaa kwao na haya yao, wala hapakuwa na duara la kutusogeza. Kamina nilikwenda kumwokoa mtu, na nimerudi najua kwamba timu ya namna hiyo haiokotwi tu, inatengenezwa, na anayeitengeneza anaweza kuwa mama anayeuza maharage.

Hapa Lubumbashi daktari amelipima goti, akaligeuza, akatazama picha zake. Hakutuficha kitu. Litapona la kutembea na la kazi za nyumbani; la kuruka, hawezi kuahidi, huenda asicheze tena. Tulitoka nje tukakaa kwenye ukuta. Mwishowe nilimwuliza, kwa sauti ndogo, kama ikiwa hivyo bado atataka kurudi Kamina.

Solange alinitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu.

"Mama mukubwa, timu yangu iko kule."