Matuta ya Cornelia

Mume wa Cornelia alipofariki huko Mwazye, shemeji yake Cleophas alilitaka shamba. Alisema ardhi ya ukoo hairithiwi na mjane. Lakini Aprili mwaka huo ilipangwa kura ya maoni ya Katiba mpya, ambayo ingempa mwanamke haki ya kumiliki ardhi, na ofisi ya kata ilimpa Cornelia fulana na kazi ya kuhamasisha wapiga kura.

"Subiri Aprili, shemeji," Cornelia alimwambia Cleophas.

"Nasubiri. Mimi nina haraka gani?"

Nyasi zilikuwa zimerefuka na udongo ungali laini. Cornelia akaanza kupiga matuta, akizifukia nyasi zioze ili msimu ujao apande ulezi. Alipiga peke yake mpaka viganja vikapasuka. Cleophas alikuwa akipita jioni, hata togwa akamletea.

"Piga makubwa, shemeji, usilipue!"

Baada ya Pasaka, tuta la mwisho lilipokamilika, Cleophas alikuja na wanawe wamebeba mbegu za maharage.

"Kura imeahirishwa, shemeji. Nilisikia redioni kabla ya Pasaka."

"Ulijua? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, nani angenilimia?"

Wanawe wakaangua kicheko, wakaanza kupanda.

Waliotangaza kuahirisha hawakupoteza hata tuta moja. Cornelia alikimbilia ofisi ya kata kushtaki. Kabla hajafungua kinywa, mtendaji alimuuliza kama amerudisha fulana, maana zinahitajika.

Alikuwa ameivaa, imejaa udongo wa matuta yale.