Kadi ya Milango Minane

Kwenye mitambo ya maji walimwita Bi Waya, maana siku moja kibanio chake kilivunjika kazini akafunga nywele kwa kipande cha waya, na jina likamganda mpaka kwenye orodha ya zamu. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mjane, na binti yake wa pekee ameolewa mbali. Chumba cha kuongozea pampu kilikuwa na viti viwili. Tangu Babu Mita, fundi mwenzake kwa miaka kumi na tisa, astaafu, kimoja kilikuwa cha kuwekea mkoba.

Matangi yalikuwa manane, yametawanyika vilimani. Kila tangi lilikuwa na kipimo, na vipimo vyote vilituma habari kwa waya hadi kwenye kadi moja yenye milango minane, iliyochomekwa ndani ya kompyuta. Kompyuta ilipokufa, wakaletewa nyingine yenye mfumo tofauti. Bi Waya akahamisha kadi, akawasha. Kompyuta ikataja vifaa vyake kimoja kimoja, ilipofika kwenye kadi ikaandika kwamba haiitambui. Milango yote ikawa kimya.

"Tungoje kadi mpya," mkuu wake akasema kwenye simu. "Kwa sasa walinzi wapande kuchungulia matangi."

"Mlinzi wa tangi la saba ana goti bovu, bosi."

"Sasa mama, mimi nifanyeje?"

Akampigia Babu Mita, aliyeifunga kadi ile kwa mkono wake. Alipokea mkewe.

"Nitakupa uongee naye, wifi, ila siku hizi maneno yanampotea. Jana kaniita kwa jina la mama yake."

Kisha ikaja ile sauti aliyoizoea. "Nani? Maji yamepanda?"

Bi Waya akajibu: "Yamepanda, Babu. Kila kitu kiko sawa."

"Basi vizuri."

Akaweka simu mezani, akairudia kompyuta.

Bahati nzuri, mfumo wa kompyuta ile ulikuwa wa wazi. Yeyote angeweza kufungua maandishi yake akayasoma na kuyabadilisha. Akatafuta mpaka akakuta orodha ya kadi zinazojulikana, kila moja na namba mbili: ya mtengenezaji na ya kadi yenyewe. Yake haikuwamo. Ila ndugu wa kadi hiyo, mwenye milango minne, alikuwamo. Akanakili mistari ya ndugu huyo, akabadilisha namba, akaongeza milango, akaiamuru kompyuta iunde upya kiini cha mfumo, ile sehemu inayotambua vifaa. Ilichukua asubuhi nzima. Alipowasha tena, milango ikahesabiwa: wa kwanza, wa pili, hadi wa nane.

"Umeona!" akapayuka, akageukia kiti cha pili. Mkoba ulikuwa umekaa kimya.

Na furaha yenyewe haikudumu. Vipimo vilileta takataka tupu, herufi na alama zisizosomeka. Siku mbili alizilaumu waya bure. Siku ya tatu akavaa miwani, akaichomoa kadi, akaigeuza dirishani. Kwenye kikopo kidogo cha chuma, kile kinachopiga mapigo ya saa ya kadi, palichapwa namba ya kasi, kubwa mara nane kuliko ile aliyonakili kwa ndugu yake wa milango minne. Kumbe kadi ilikuwa ikizungumza haraka mara nane kuliko vipimo! Akasahihisha namba, akaunda tena kiini. Alasiri ile tangi la kwanza likasema: mita tatu na nusu. Mengine yakafuata.

Alimwambia mlinzi wa tangi la saba asipande tena. Kisha akampigia binti yake.

"Mama, niko kazini. Kuna shida?"

"Hakuna. Kadi imekubali."

"Kadi gani, ya benki?"

"Aa, basi mwanangu. Fanya kazi."

Akawatumia ile mistari watunzaji wa mfumo, watu asiowahi kuwaona. Baada ya siku sita mmoja akajibu: "Tumeijaribu, tumeiongeza kwenye orodha. Kazi safi. Asante."

Akaisoma mara nne. Mfagiaji alipoingia na ndoo, akamsomea kwa sauti, neno kwa neno, akamweleza na habari ya kikopo.

"Hongera sana, bi mkubwa," mfagiaji akasema. "Hebu inua miguu nipige deki."

Akainua.