Bingwa wa Redio na Bingwa wa Simu

Ulikuwa ule mwaka wa ndizi. Unga ulikuwa umepanda bei mpaka watu wa huku kwetu juu ya Nkubu wakaacha ugali bila kuambiwa, na kila nyumba ikawa inapika ndizi mbichi za Mitunguu, asubuhi na chai, mchana na maharagwe, jioni na chochote. Kwangu zilipondwa. Mzee wangu alikuwa ameshikwa na kiharusi baada ya Pasaka, mkono wa kulia ukalala, akawa anashika kijiko kwa kushoto kama mtoto anayejifunza. Sikutaka ale chakula cha mgonjwa peke yake huku akiangalia sahani zetu. Kwa hiyo nilikuwa naponda sufuria nzima, na aliyekuja kwangu alikula ndizi zilizopondwa, awe na meno au asiwe nayo.

Na huo mkono haukuwa mkono wa hivi hivi. Ujanani mzee alikuwa bondia wa uzani mzito. Alikuwa akibeba magunia kwenye kiwanda cha kahawa, kiwanda kilikuwa na timu, na mizani ya kupimia mabondia ilikuwa ile ile ya kahawa. Walimsimamisha juu ya gunia tupu, wakasoma, wakatoa uzito wa gunia. Kilo themanini na tatu. Mpaka leo anasema walimpunja.

"Mkulima akileta kilo hamsini wanaandika arobaini na sita," husema. "Sasa mimi waliniandika ngapi? Pigeni hesabu."

Hiyo ndiyo hesabu pekee ambayo nimewahi kumwona akiifurahia.

Mjukuu wetu wa kwanza, mtoto wa kijana wangu mkubwa, naye ni bondia wa uzani mzito. Ana miaka ishirini na sita, amekodi chumba Majengo kule Meru mjini, mchana anabeba nyama kwa bucha, jioni anafanya mazoezi. Alipewa jina la babu yake kama desturi yetu, ndiyo maana mimi humwita mume wangu, naye huniita mke wake akitaka chai ya pili. Mabega yake hayaingii mlango wa jikoni kwangu mpaka ageuke upande. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Haya, ni kwa kujisifu.

Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja, wakakaa jikoni yeye na babu yake, wakapiganisha wafu na walio hai. Mzee alikuwa na bingwa wake wa dunia wa zamani, ambaye alimsikia kwa redio. Kijana alikuwa na bingwa wake wa siku hizi, ambaye anakaa ndani ya simu. Majina walijua wao. Mimi niliwaita bingwa wa redio na bingwa wa simu, nikaendelea kumenya ndizi.

"Guka," kijana alimwambia babu yake, "wako alikuwa kilo tisini. Wangu ni mia na ishirini. Hiyo si ngumi, hiyo ni lori na baiskeli."

"Lori linakata kona haraka?"

"Halina haja ya kukata kona."

"Ni raundi ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na tano. Kumi na mbili ni za watu wanaoogopa kuachwa na gari. Wangu akifika kumi na mbili ndio anaanza kutoa jasho."

Waligombania glavu zitakuwa nene kiasi gani, refa atatoka enzi gani, na kama wa zamani ataruhusiwa kula nyama ya siku hizi kabla ya pambano. Siku moja kijana alitafutatafuta kwenye simu akampata bingwa wa redio mwenyewe, picha ya nyeusi na nyeupe, anaruka ruka ulingoni. Mzee aliishika simu kwa kushoto, akaisogeza karibu na pua, akatazama raundi nzima.

"Huyu siye," akasema.

"Ni yeye, guka. Si jina limeandikwa hapo?"

"Huyu ni mdogo. Wangu alikuwa anajaza nyumba."

Nilimwelewa. Enzi hizo tulibanana watu kumi na wanane kwa redio moja ya jirani, na kila mtu akampa yule bingwa mwili wa kumtosha. Simu haiwezi kumrudisha vile.

Mpaka hapo ilikuwa mchezo. Kisha kijana akapangiwa pambano Embu, ukumbi ule ule alimopigana babu yake. Jumapili ya kabla ya kwenda alikuja akiwa na furaha, hakai chini, anapiga hewa katikati ya masufuria yangu.

"Na sisi wawili je, guka?" akasema. "Wewe wa wakati ule na mimi wa leo. Nani analala?"

Aliuliza kwa mzaha. Mzee hakucheka. Aliweka kijiko chini, ndizi nyingine imemganda kidevuni.

"Muulize huyo," akasema, akinielekezea kidevu. "Huyo ametuona wote wawili."

Ni kweli, na ni mimi peke yangu niliyebaki. Nilimwona mzee kule Embu, nikiwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, nimesimama juu ya kreti ya soda. Alivunjwa pua raundi ya kwanza, akamlaza yule mtu raundi ya tatu. Na kijana nilimwona Majengo, nimeketi na wake za wauza nyama, nikapiga kelele mpaka sauti ikanihama siku mbili. Jibu ninalo. Macho yangu ni mazima. Lakini niliangalia ule mkono uliolala juu ya paja, nikaangalia ule mwingine unaoenda Embu Jumamosi. Nikimpa mmoja ushindi, nimemnyang'anya mwingine kitu ambacho sina pa kukipata nimrudishie.

"Nilienda kutazama, sikuenda kuamua. Sisemi."

"Shosho, wewe sema tu. Hatutakasirika."

"Mtakasirika. Na tena huku kwetu mtu hushindana na wa rika lake, wale waliotahiriwa pamoja. Hao ndio walioangushana mieleka. Hakuna aliyeinua mkono kwa rika la baba yake, sembuse la babu. Hata hao mabingwa wenu mngewaacha, kila mmoja na rika lake."

Kijana alicheka, akanikumbatia, akaenda zake. Mzee hakucheka.

"Umenyamaza kwa sababu ni yeye anayeshinda," akaniambia tulipobaki wawili.

Siku tatu alikunywa chai tu. Kila asubuhi nilimnyoosha vidole vya kulia, kimoja kimoja, kama nilivyoonyeshwa hospitali, naye akaangalia ukuta. Kabla ya hapo alikuwa akinisaidia, akijaribu kukunja. Sasa aliniachia kama mtu anayeniachia kazi yangu. Hapo niliogopa. Mtu akiacha kubishana na mwili wake, unajua anakoelekea.

Jumamosi kijana alipigwa kwa pointi. Jumapili alikuja na jicho moja limefunga kabisa. Hakuomba chai. Alivuta kigoda akakaa mbele ya babu yake.

"Guka, huyo jamaa ana mkono mrefu. Kila nikiingia ananikuta. Wewe ungemfanyaje?"

Mzee alilikagua lile jicho.

"Mrefu kiasi gani? Simama. Nionyeshe."

Basi kijana akawa yule mtu wa Embu, na mzee, ameketi pale pale na blanketi magotini, akapigana naye kwa mkono wa kushoto.

"Usimwingilie kifua wazi. Mpe bega, alipige, afurahi. Akirudisha mkono, rudi nao, kama unamsindikiza mgeni mpaka mlangoni. Hapo sasa. Hapo."

Raundi ya tatu yule mtu mrefu wa Embu alianguka jikoni kwangu, kilo zake zote, juu ya maganda ya ndizi. Vikombe vililia kabatini.

"Moja," mzee akahesabu. "Mbili. Chakula kiko wapi?"

Alikula sahani mbili. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya meza, na niliona kidole cha shahada kikijikunja kidogo, kikitafuta ngumi. Kisha akanigeuzia ile pua yake iliyopinda.

"Mama, sasa niambie. Mimi na huyu."

"Ndiyo, shosho," kijana akasema kutoka sakafuni, ganda limemshika mgongoni. "Leo tumetulia."

Nilichukua mwiko nikawaongezea, huyu mwiko mmoja, huyu mwiko mmoja.

"Nilienda kutazama, sikuenda kuamua. Sisemi."