Tangazo la Saa Sita

Wakati wa vita, barabara ya Beni ilipofungwa, nilipeleka tangazo la kanisa kwenye redio moja ndogo ya Butembo. Mbele yangu kulikuwa na mama aliyekimbia Beni na kupotezana na mume wake njiani. Fundi wa redio, dada mpole, alimsogezea mikrofoni.

“Baba ya batoto, siye tuko bazima. Tuko hapa Butembo, Mususa, kwa dada yako.”

Fundi akairekodi sauti yake, kisha akaandika mstari mmoja wa amri kwenye kompyuta yake ya Linux, kuiagiza irudie maneno hayo kila siku saa sita ya mchana.

“Na siku weye hauko?” mama akauliza.

“Hata siko, mashini itasema yenyewe.”

Siku ya tatu fundi naye alikimbia risasi, akaacha mitambo ikiendeshwa na umeme wa jua wa paani. Ofisi ilikuwa tupu, lakini kila mchana sauti ile ilipita juu ya mabati, taratibu, kama mtu anayeongea usingizini. Nami nilisimama kuisikiliza kana kwamba ni mimi ninayetafutwa.

Fundi aliporudi, mama alikuja na mume wake, aliyekonda. Mume alikuwa ameisikia sauti hiyo Bungulu, kule Beni. Fundi alitaka kuufuta mstari, mama akamshika mkono.

“Iache mpaka kesho. Hatujaisikia pamoja.”

Kesho yake nilikuwepo. Saa sita ilipofika, kompyuta, isiyojua habari ya mtu, ilimwita tena yule baba. Naye akainamia redio ya mezani.

“Nimefika,” akaijibu.